Baba, Hofu Yako si Aibu: Mjue Mwanao Angali Tumboni

Haya ni mazungumzo ya muuguzi mkunga wa Idara ya Afya ya Kaunti kwa akina baba watarajiwa na familia zao. Tunayachapisha kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

  

 Wengi wenu huniita daktari, lakini kazi yangu ni uuguzi na ukunga. Nimefanya kazi katika wodi ya kujifungulia kwa miaka mingi, na kila mara tunapoitisha kikao kama hiki tunazungumza na mama mjamzito. Leo naomba mama anisamehe. Yeye ana siku zake za kliniki, ana kijitabu chake, na ana watu wa kumuuliza kama amelala na kama amekula. Leo nazungumza na yule anayebaki nje ya lango, chini ya mwembe, amekaa juu ya pikipiki yake, akitazama simu ambayo haijaingia ujumbe wowote.

Bwana huyo ukimwuliza hali, atakujibu, "Niko sawa, nasubiri mama watoto." Ukikaa naye kidogo, atasema mengine. Halali vizuri. Mkewe akigeuka kitandani usiku, yeye ameshaamka. Anahesabu pesa kichwani, anazihesabu tena, haziongezeki. Wengine hutapika asubuhi pamoja na mke, au hushikwa na maumivu ya meno na tumbo yasiyoonekana sababu. Mtaani watu hucheka kwamba mke ana mimba na mume ndiye anayetapika. Ndugu zangu, hali hiyo inajulikana na madaktari katika nchi nyingi. Si uchawi, na si uzembe.

Jambo langu leo ni moja. Baba mtarajiwa kuwa na hofu ni kawaida. Lakini hofu hiyo asipoipa kazi ya kufanya, itamfukuza nyumbani wakati anapohitajika zaidi. Na kazi yenyewe ipo, tena nyingi. Kwa kuifanya, baba humzoea mwanawe kabla hata hajamwona uso.

HOFU ZENYEWE NI ZIPI?

Ya kwanza ni pesa. Mvuvi wa Vanga au Gazi anajua msimu wa kusi bahari huchafuka na siku za kwenda baharini hupungua. Mwendesha boda boda wa Ukunda anajua watalii wakipungua na abiria hupungua. Mtoto hangoji msimu mzuri. Mtu anawaza nepi, nauli na hospitali, anashindwa kulala.

Ya pili ni maisha ya mke. Karibu kila mtu hapa anamjua mama aliyekufa akijifungua, au amehudhuria maziko yake. Mwanamume hulifikiri jambo hili kila siku bila kulisema, kwa sababu anaona kulitamka ni kulialika.

Ya tatu ni mtoto mwenyewe. Je, atazaliwa mzima? Atapumua? Atafanana na nani?

Ya nne hufichwa kuliko zote: "Mimi nitaweza ubaba?" Yule aliyelelewa na mama peke yake, au aliyelelewa na baba mkali ambaye hakuwahi kumshika mkono, huogopa kwamba hana mfano wa kuiga.

Msidhani ni wachache. Mwaka 2010, jarida la tiba la Marekani liitwalo JAMA lilichapisha uchambuzi wa tafiti 43 zilizohusisha zaidi ya watu 28,000. Ulikusanya habari za akina baba kuanzia miezi ya mwanzo ya mimba mpaka mtoto anapotimiza mwaka mmoja. Karibu baba mmoja kati ya kila 10 alikuwa na dalili za sonona, yaani huzuni nzito inayokaa na kumvuruga mtu. Hapo hatujawahesabu wale wenye wasiwasi wa kawaida tu. Kwa hiyo mkiwa watu 30 kwenye steji ya boda boda, na wote mna wake wajawazito au watoto wachanga, huenda watatu kati yenu wanaumwa na hawajamwambia mtu.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Tumezoea kumwambia mama maneno hayo. Leo nawaambia akina baba.

HOFU IKIFICHWA HUENDA WAPI?

Huenda mahali tunapopajua. Huenda kwenye muguka na mnazi. Huenda kwenye bao linalochezwa mpaka saa sita usiku. Wakati mwingine huvaa nguo nzuri na kuitwa kazi: mtu anaongeza zamu, anasafiri zaidi, anarudi mke amelala na kuondoka kabla hajaamka. Anajiambia anamtafutia mtoto, na kweli pesa zinahitajika. Lakini mke analala peke yake na kuamini kwamba mumewe hataki mimba hii. Wengine hofu hutoka kwa hasira, na nyumba ambayo haikuwa na ugomvi inaanza kuwa nao. Niseme wazi: hofu haimpi mtu ruhusa ya kumpiga mkewe. Mimba haizuii kipigo kuua, na kipigo huweza kumdhuru mama na mtoto kwa pamoja.

Kuna hatari nyingine. Sisi wakunga tunafundishwa kwamba mama wengi hufa kwa sababu ya ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua nyumbani kwamba twende hospitali. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa tatu ni wetu sisi wa serikali, tuulizeni, ni haki yenu. Lakini ule wa kwanza uko nyumbani. Mama anatokwa na damu saa mbili usiku. Mama mkwe anasema tumngoje mwenye mke. Mwenye mke simu yake imezimwa. Kumbe ameizima kwa sababu kila ikilia moyo unamruka. Hapo hofu ya mwanamume inakuwa ndiyo hatari yenyewe aliyokuwa akiiogopa.

KWA ALIYEWAHI KUMPOTEZA MTOTO

Naomba niseme na baba ambaye mimba iliyotangulia iliharibika, au mtoto alizaliwa akiwa amekufa. Najua mpo hapa. Mlipozika, watu walimpa pole mama, na ilikuwa haki yake. Nyinyi mliambiwa, "Wewe ni mwanamume, jikaze, mwangalie mkeo." Sasa mke ni mjamzito tena, na wewe hutaki kuligusa tumbo. Hutaki kuulizwa jina. Unajiambia, "Sitamzoea huyu mpaka nimwone analia, nisije nikaumia tena."

Sitakulaumu kwa hilo. Ni namna ya mtu kujikinga. Lakini fikiri jambo moja. Kutomzoea mtoto hakupunguzi uchungu akipotea, na wewe mwenyewe unajua, maana yule wa kwanza bado unamkumbuka. Kunachofanya ni kukutenga na huyu aliye hai sasa hivi, na kumwacha mkeo abebe hofu ya watu wawili. Mwambie muuguzi siku ya kwanza ya kliniki kwamba mmewahi kupoteza mtoto. Habari hiyo inatusaidia kuifuatilia mimba kwa karibu zaidi. Na yule aliyetangulia mtaje kwa mkeo. Kumtaja si kumwita mkosi. Huyo pia ni mwanao.

MTOTO UNAMJUAJE KABLA HUJAMWONA?

Mama humjua mtoto kwa mwili wake: kichefuchefu, kiungulia, teke la usiku. Baba hana njia hiyo. Kwa baba, mtoto huanza kama habari aliyoambiwa. Ndiyo maana wanaume wengi husema, "Mimi nitampenda akizaliwa." Wala si ubaya, ila hakuna haja ya kungoja. Nifuateni kwa miezi, tukihesabu wiki tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.

Wiki ya 6 hivi, moyo wa mtoto unaanza kupiga. Wengi wakati huo hata hawajajua kuna mimba. Wiki ya 12, mtoto ana urefu kama wa kidole gumba cha mtu mzima, na vidole vyake vimeshatengana.

Kati ya wiki ya 18 na 20, mama wa mimba ya kwanza huanza kusikia mtoto akicheza. Aliyewahi kuzaa huweza kusikia mapema zaidi. Kuanzia wakati huu, muulize mkeo kila jioni: "Leo amecheza?" Ni swali dogo, lakini lina faida mbili. Linakuingiza katika habari za mtoto, na linamkumbusha mama kufuatilia uchezaji wake.

Mwezi wa tano au wa sita, muuguzi anaweza kuusikia moyo wa mtoto kwa kile kifaa cha mbao au cha bati chenye umbo la tarumbeta ndogo. Palipo na kifaa cha umeme, husikika mapema zaidi. Njoo siku hiyo. Moyo wa mtoto hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika, kasi kuliko wako ukiwa umetulia. Baba akisikia hivyo hushtuka, hudhani mtoto anaumwa. Ukiuliza utaelezwa kwamba hiyo ndiyo kawaida yake. Nimewaona wanaume wakubwa, wenye misuli ya kubeba magunia, wakiniomba niwasikilizishe tena.

Kuanzia mwezi wa sita hivi, ukiweka mkono juu ya tumbo na kutulia, utamsikia wewe mwenyewe. Usiwe na haraka. Pengine atacheza siku nzima na kunyamaza ukifika wewe. Jaribu mkeo akiwa amelala ubavu baada ya kula.

Mwezi huohuo wa sita, mtoto anaanza kuitikia sauti za nje. Sauti anayoisikia vizuri ni ya mama, kwa sababu inapita ndani ya mwili wake. Sauti nzito kama za wanaume nazo hupita vizuri kwenye maji na nyama kuliko sauti nyembamba. Basi zungumza naye. Msalimie ukirudi kazini. Anayesoma Kurani asome kwa sauti, anayeimba nyimbo za kanisani aimbe, anayesimulia mpira asimulie.

Hapa sitaki kuwauzia maneno. Wapo wanaosema ukizungumza na tumbo, mtoto atazaliwa akiichagua sauti yako. Watafiti walilipima jambo hili zamani, mwaka 1984, na wakaona mtoto mchanga anaweza kutofautisha sauti za wanaume, lakini haonyeshi kuipendelea ya baba yake kama anavyoipendelea ya mama. Kwa hiyo akizaliwa akanyamaza kwa mama na kulia kwako, usivunjike moyo. Faida kubwa ya kuzungumza naye sasa ni kwako wewe. Mdomo unazoea kumwita, moyo unafuata. Atakapozaliwa hatakuwa mgeni kwako.

MILA NA MACHO YA WATU

Wazee wengine watasema, "Mtoto hasemwi kabla hajazaliwa, nguo hazinunuliwi mapema, watu wana vijicho." Sikuja kugombana na wazee wangu. Naomba tu tutofautishe kutangaza na kujiandaa. Kama hutaki nguo za mtoto zianikwe kambani, usizianike. Leso mbili safi na blanketi vikae ndani ya begi, hakuna atakayeviona. Pesa za nauli ziko kwenye simu yako, hakuna jirani anayeziona. Na unaponong'ona na mwanao chumbani, nani atakuonea kijicho? Mila ya kuficha mimba ilikuwa na nia ya kumlinda mtoto. Basi tumlinde kweli.

KAZI ZA BABA, MOJA BAADA YA NYINGINE

Kazi ya kwanza ni kliniki. Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linashauri mama mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla mimba haijapita wiki 12. Baba huwezi kufika zote, naelewa. Fika ya kwanza, fika ile ya kusikiliza moyo, na fika moja mwezi wa nane tupange safari ya kujifungua. Siku ya kwanza nyote wawili mtashauriwa kupima virusi vya Ukimwi na kaswende. Wengi hulikimbia hilo. Jueni kwamba mama mwenye virusi akianza dawa mapema na kuzitumia sawasawa, mtoto ana nafasi kubwa sana ya kuzaliwa na kukua bila virusi. Na kaswende hutibiwa kwa sindano.

Kazi ya pili ni chandarua na vidonge. Sisi wa Pwani tunaishi na malaria, na malaria kwa mjamzito ni hatari kwake na kwa mtoto. Mama hupewa chandarua chenye dawa kliniki, pamoja na dawa za kuzuia malaria mimba ikishapita miezi mitatu. Kazi yako ni kukifunga chandarua hicho juu ya kitanda, si juu ya bustani ya mchicha. Tena kuna vidonge vya kuongeza damu, vya kila siku. Vinaweza kumchafua mama tumbo na choo kikawa cheusi, akaogopa akaviacha. Mwambie ni kawaida, mkumbushe avinywe baada ya chakula.

Kazi ya tatu ni kadi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Jiandikisheni wote wawili, mweke mke na watoto chini ya jina lako au lake, na hakikisheni mchango umelipwa kabla siku hazijakaribia. Unaweza kujiandikisha kwa kupiga *147# kwenye simu, au mhudumu wa afya ya jamii akusaidie. Usingoje kulianza jambo hili mama akiwa na uchungu kwenye benchi.

Kazi ya nne ni safari. Anayeishi ndani kule Mwereni hana njia sawa na anayeishi Ukunda. Kaa na mkeo mkubaliane: atajifungulia wapi, atabebwa na chombo gani, cha nani, na usiku wa mvua itakuwaje. Zungumza na mwenye gari au tuktuk mapema, uchukue namba yake, uchukue na ya mwingine. Weka pesa kando kidogo kidogo, hata shilingi 50 kwa siku. Kwa siku 100 zitakuwa 5,000. Tafuta pia ndugu wawili watakaokubali kutoa damu ikihitajika.

Kazi ya tano ni ruhusa. Kaa na mkeo na mama mzazi wako, useme mbele yao: "Dalili ya hatari ikitokea, msiningoje. Nendeni, mimi nitawakuta huko." Maneno haya hayakugharimu hata senti moja, na yameokoa watu.

Dalili zenyewe ni hizi, na kila baba azikariri: kutokwa na damu, maumivu makali ya kichwa yasiyopoa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, chupa kupasuka kabla ya wakati, na mtoto kupunguza kucheza au kuacha kabisa. Ile ya mwisho ndiyo utaijua haraka kama umekuwa ukiuliza kila jioni. Usiambiwe mtoto amelala. Mtoto akipungua kucheza, nendeni siku hiyohiyo, msingoje kesho.

Na swali mnaloniuliza pembeni, nilijibu hadharani. Mimba ikiwa haina matatizo, tendo la ndoa halimdhuru mtoto. Kama kuna kutokwa na damu, chupa kuvuja, au mmeambiwa kondo la nyuma limekaa chini, acheni mpaka mhudumu awaambie. Na mke akichoka, amechoka.

SIKU YENYEWE, NA ZINAZOFUATA

Mama akiwa na uchungu ana haki ya kuwa na mtu anayemwamini. Pengine atakuchagua wewe, pengine atamtaka mama yake au dada yake, na chaguo ni lake. Baadhi ya wodi zetu ni ndogo na kina mama hukaa karibu karibu, kwa hiyo ulizeni mapema utaratibu wa kituo mnachokwenda. Ukiwa ndani, kazi yako ni kumsugua mgongo, kumpa maji, kumtembeza, na kutuita ukiona jambo. Ukiwa nje, simu iwe na chaji.

Mtoto akizaliwa, ukiwa umenawa mikono, omba kumshika. Akizaliwa mdogo sana, tutamweka kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, apate joto. Njia hii ilianzishwa katika mji wa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na sasa inatumika duniani kote. Baba pia anaweza kuifanya mama akiwa amechoka au amepasuliwa. Vua shati, mtoto alazwe kifuani pako, afunikwe. Kifua cha mwanamume kina joto la kumtosha.

Aliyeajiriwa, sheria iko upande wako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba wiki mbili za likizo akilipwa mshahara kamili. Mwandikie mwajiri mapema. Usiku tatu za kwanza nyumbani, mama anahitaji mtu wa kuamka kuchemsha uji kuliko wa kumpigia simu kutoka Mombasa.

Na wewe ambaye baada ya haya yote bado hujasikia chochote moyoni kwa mtoto, usijione mwovu. Wengine upendo huja siku ya kwanza, wengine huja baada ya wiki na miezi ya kumbeba na kumwogesha. Endelea kumbeba.

WAKATI WA KUTAFUTA MSAADA

Wasiwasi wa kawaida huja na kuondoka, na hupungua ukifanya jambo. Lakini zikipita wiki mbili na bado hulali hata mke akilala salama, huna hamu ya chakula wala kazi, una hasira kila saa, unakunywa ili usahau, au unafikiri kwamba ni afadhali usiwepo, huo ni ugonjwa, na unatibika. Njoo zahanati iliyo karibu nawe, useme vilevile ungesema una homa. Si lazima uje na mke, si lazima umweleze aliye mapokezi. Sema tu unataka kuonana na mhudumu faraghani. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, namba 1199, na kuzungumza na mshauri. Anayefikiri kujidhuru asikae peke yake usiku huo. Mwite ndugu, mwite jirani, aletwe hospitali.

NENO KWA WENGINE

Akina mama, mume akikwambia anaogopa, usimcheke wala usiwasimulie mashoga zako. Pengine imemchukua miezi kulisema. Mama mkwe, kijana akitaka kuingia jikoni au kumpeleka mke kliniki, usimwambie amekaliwa. Wazee na viongozi wa dini, mnapowafundisha vijana ndoa, wafundisheni na hili. Nanyi madereva wa boda boda, mwenzenu akinyamaza steji tangu mkewe apate mimba, mnunulieni chai mumuulize. Halafu msikilizeni, msimpe hadithi za waliokufa.

Nasi wahudumu tuna deni letu. Baba akija kliniki asisimamishwe mlangoni kama mwizi. Atafutiwe kiti, aelezwe, ajibiwe. Mkiona tofauti, mwambieni msimamizi wa kituo au mleteni malalamiko kwenye baraza kama hili.

Kabla hatujatawanyika, naomba kila baba hapa mwenye mke mjamzito afanye mambo mawili leo. La kwanza, achukue namba ya simu ya mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake. Wako pale nyuma, wamevaa fulana zao, watawapa. La pili, akifika nyumbani jioni, amuulize mkewe: "Leo amecheza?" Kisha akae asikilize jibu.

 Sasa nakaribisha maswali, na mwenye swali la faragha nitamkuta chini ya mwembe.